Canal Street, Manchester: anza na madirisha

Ukishuka stesheni ya Piccadilly, Canal Street ni mwendo wa dakika chache kwa miguu: mtaa mwembamba, baa upande huu, mfereji wa Rochdale upande ule. Wengi hufuata muziki na bia. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni, na huwaambia watazame madirisha kwanza.

Zamani baa za mashoga hapa zilijificha, vioo vimezibwa, mpita njia haoni ndani. Haikuwa bure. Sheria ya 1967 iliruhusu mapenzi ya wanaume kwa wanaume waliotimiza miaka 21 tu, tena faraghani, na miaka ya 1980 misako ya polisi ilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1988 kikaja Kifungu cha 28, kilichozuia halmashauri "kuhamasisha" ushoga, na watu wapatao 20,000 wakaandamana mjini. Miaka miwili baadaye baa ya Manto ikafunguliwa hapa na uso mzima wa kioo. Mtu akinywa kahawa ndani, barabara yote inamwona. Kwa wakati ule, kukaa pale tu kulitaka moyo.

Ila kioo huonyesha pande zote mbili. Siku hizi Jumamosi usiku utakuta makundi ya kina dada wanaomuaga bibi harusi mtarajiwa, na wenyeji hunung'unika kwamba wamegeuzwa maonyesho. Nawaelewa. Wateja wangu nawapeleka Jumapili alasiri.

Ng'ambo ya mfereji, Sackville Gardens, Alan Turing wa shaba ameketi kwenye benchi tangu 2001, tofaa mkononi. Mtaalamu huyu wa kompyuta alihukumiwa mwaka 1952 kwa kuwa na mpenzi wa kiume, akakubali kudungwa homoni ili asifungwe, akafa 1954. Msamaha wa kifalme ulikuja 2013, na sura yake ikaingia kwenye noti ya pauni 50 mwaka 2021. (Sheria za aina ile Waingereza walizisambaza hadi kwetu, wao wamefuta zao.) Benchi lina nafasi, watu hukaa naye wapige picha.

Kwa manunuzi, Arndale ipite tu, ni maduka yaleyale ya kila mji. Nenda Afflecks, Northern Quarter: jengo la ghorofa kadhaa lililojaa vibanda vya wigi, beji, viatu vya soli nene na mitumba. Bei ya hiyo mitumba itamshtua mtu wa Karume au Gikomba.