Droni inayopima upepo: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi hudhani kazi ni rahisi: funga kipima upepo kwenye droni, irushe, soma namba. Lakini droni huelea kwa kuisukuma hewa chini, kwa hiyo hewa inayopimwa imeshavurugwa na chombo kinachoipima. Droni ya kilo 2 yenye rafadha 4 (panga zinazozunguka na kuiinua), kila moja ya kipenyo cha sentimita 25, ikisimama angani karibu na usawa wa bahari hupitisha hewa kwenye rafadha zake kwa takriban mita 6.4 kwa sekunde. Upepo wa kawaida kabisa huzidiwa na mkondo huo.

Dhana: Juu ya rafadha hewa imetulia.
Ukweli: Rafadha hufyonza hewa kutoka juu. Kwa hesabu ya rafadha moja, ukipanda nusu kipenyo juu ya kitovu chake, mvuto huo bado ni asilimia 29 ya kasi inayopita kwenye rafadha. Ukipanda kipenyo kimoja ni 11, vipenyo viwili ni 3. Ndiyo maana naupendelea mlingoti mrefu wa kukibeba kipima upepo juu ya droni, ingawa huyumba na kuifanya droni iwe nzito juu.

Dhana: Kosa halibadiliki, hivyo litoe tu kwenye kipimo.
Ukweli: Hapa ndipo data nyingi huharibikia. Upepo ukivuma, mkondo wa rafadha husogezwa pembeni, droni huinama kuukabili, na kipima upepo huinama nayo. Kosa la upepo wa mita 3 kwa sekunde si la mita 10. Droni ikishuka wima kwa kasi, rafadha huweza kuingia kwenye hewa iliyovurugwa na rafadha zenyewe. Kinachoumia zaidi ni upepo wa kupanda na kushuka, maana ndio unaofuata njia ya mkondo wa rafadha. Masahihisho yafuate kasi, uelekeo na aina ya mruko.

Dhana: Uigaji wa kompyuta unatosha.
Ukweli: Uigaji mwingi hauchori panga za rafadha, huweka mahali pake diski nyembamba inayoisukuma hewa. Wastani wa mkondo hupatikana vizuri, lakini mapigo ya kila panga hupotea. Kuyapata kunadai kuigawa hewa katika vijisehemu vidogo sana vya hesabu na muda mrefu wa kompyuta. Njia yoyote ile ilinganishwe na vipimo vya handaki la upepo (njia iliyozibwa ambamo hewa hupulizwa kwa kasi inayojulikana), na handaki liwe pana: likibana, mkondo hugonga sakafu na kuta ukarudi kwenye rafadha.

Dhana: Bila kipima upepo, droni haiwezi kupima.
Ukweli: Inaweza, kwa pembe inayoinama ili isipeperushwe. Uhusiano wa pembe na kasi hutafutwa kwa kuirusha kando ya mlingoti wa ardhini wenye vipima upepo, na ukibadilisha mzigo, unapima upya. Wastani hutoka vizuri. Mivumo ya ghafla ya upepo huipita droni kabla haijawahi kuinama.