Ati Tumeipiga Haraka Mno

"Yenyewe ni hii." Hayo ndiyo maneno. Mtu anakuinulia simu baada ya onyesho, anakuchezea "So What" kutoka Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, kisha anatoa hukumu: haipigwi kasi hivyo, besi haianzi hivyo, mmeibadilisha. Mimi hupiga besi kwenye bendi ya jazi, na juzi nimeambiwa tena hapahapa Malindi, na kijana ninayemheshimu kwa sababu anasikiliza jazi kuliko wengi. Tulikuwa tunafunga vyombo, nikamjibu kwa mkato. Sasa namjibu kwa urefu, yeye pamoja na wote wanaodhani kwamba rekodi ndiyo sheria na jukwaa ni nakala.

Tuanze na hiyo "yenyewe". Ilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959 katika studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia, Mtaa wa 30, New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Mashine mbili zilikuwa zikinasa. Ile ya utepe mkuu, unaotengenezewa santuri, ilizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa na hakuna aliyetambua. Utepe huo ulipochezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ukatoka umeharakishwa na sauti zote zimepanda. Upande mzima wa kwanza wa santuri, vipande vitatu, ukauzwa duniani hivyo hivyo. Kosa halikurekebishwa mpaka toleo la 1992, walipochukua utepe wa akiba, ambao mashine yake ilikuwa sawa. Kwa zaidi ya miaka 30, mwanafunzi aliyetaka kupiga pamoja na santuri ile alilazimika kukaza nyuzi zake zipande kidogo, la sivyo alisikika yuko nje. Wangapi waliyashuku masikio yao wenyewe! Na hiyo ndiyo rekodi ninayoinuliwa usoni kama kipimo.

Siidharau. Paul Chambers, mpiga besi wa siku ile, alikuwa na miaka 23, na mpaka leo sijasikia mtu aliyeutamka mwanzo ule kwa utulivu kama wake. Lakini fikirini walikuwa katika hali gani. Bill Evans, mpiga piano wa siku ile, aliandika kwenye jalada kwamba Miles alikuja na michoro tu ya muziki, na wanachosikia watu ni karibu mara ya kwanza ya kundi lile kuipiga kazi hiyo. Mwendo ule wa pole ulikuwa wa watu wanaoingia chumba wasichokijua. Wakishakijua, wanatembea.

Na walitembea kweli. Sikilizeni rekodi ya ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 19 Mei 1961: Miles yuleyule, Chambers yuleyule, na tayari mwendo umepanda. Kisha nendeni kwenye albamu ya Four & More, iliyonaswa Philharmonic Hall, New York, tarehe 12 Februari 1964. Hapo besi ni Ron Carter, piano ni Herbie Hancock, na kwenye dramu yupo Tony Williams, kijana wa miaka 18. Kasi imekaribia maradufu. Muda unabaki dakika 9 na kitu, sawa na wa studio, maana yake ndani ya muda uleule mmeingizwa mizunguko mingi zaidi ya wimbo. Mwenye wimbo ameupiga hivyo, mbele ya watu, kwenye tamasha la kuchangia uandikishaji wa wapiga kura Weusi kusini mwa Marekani. Miles alisimulia baadaye kwamba wanamuziki walipanda jukwaani wamekasirishana kwa sababu ya kupiga bila malipo. Hasira hiyo imo ndani ya muziki, naisikia. Nani atamwendea Miles ukumbini amwambie kwamba hiyo siyo yenyewe?

Katika usiku ule muulizeni pia George Coleman, mpiga saksafoni ya tena, ambaye mashabiki wengi humruka kwa sababu alipita katika kundi la Miles kati ya wapiga saksafoni mashuhuri zaidi, John Coltrane na Wayne Shorter. Ana solo zinazokwenda kwa kasi ya kutisha na kila sentensi inafika mwisho wake. Mtu akinitajia Miles bila kumtaja Coleman, najua amesikiliza majalada.

Sasa kuhusu sisi. Kwa mwendo wa 1959 unavuta waya wa besi kwa ubavu wa kidole cha shahada, nyama yote inagusa, noti inakaa na kufifia yenyewe. Mwendo ukipanda huna nafasi hiyo. Unapokezanisha shahada na kidole cha kati, unatumia ncha, na noti inatoka fupi na ngumu. Ni chombo kilekile lakini kinazungumza lugha nyingine. Ongezeni hali yetu ya pwani: miezi ya mvua mbao inavimba kwa unyevu, nyuzi zinainuka mbali na shingo, jasho linafanya kidole kiteleze, na waya ukiuacha bila kuupangusa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, chumvi inaula. Kwenye veranda iliyo wazi kwa bahari, upepo wa kusi ukivuma, noti ndefu za chini hazimfikii hata mtu wa meza ya tatu. Zinamezwa. Zile fupi zinafika. Kwa hiyo tukipiga veranda tunapandisha mwendo, na tukipiga ndani ya ukumbi tunaushusha. Masikio yanaamua hivyo kabla mdomo haujahesabu nne. Anayesema tumepiga haraka kwa sababu tunaogopa kupiga polepole hajawahi kusimama na besi mbele ya bahari.

Kuna kundi la pili nalo, na hawa wananichosha vilevile: wale wanaosema studio ni uongo, ukweli uko kwenye rekodi za jukwaani tu. Wananitajia bendi ya Duke Ellington kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, tarehe 7 Julai 1956, usiku ambao Paul Gonsalves alipiga mizunguko 27 ya solo ya saksafoni mpaka watu wakasimama kwenye viti. Usiku ulikuwa wa kweli. Santuri iliyouzwa mwaka ule je? Sehemu kubwa ilirudiwa studio siku mbili baadaye, kisha ikabandikwa vigelegele na makofi. Gonsalves mwenyewe alikuwa amepigia maikrofoni isiyo ya Columbia, ya redio ya Sauti ya Amerika, ndiyo maana kwenye santuri anasikika kwa mbali. Mpaka 1999, utepe wa redio ulipounganishwa na wa Columbia, ndipo watu walipousikia usiku ule ulivyokuwa. Hata ule usiku wa Februari 1964 niliousifu, kampuni iliukata vipande viwili: kazi za pole zikatolewa kwenye albamu moja, za kasi kwenye nyingine. Anayesikiliza Four & More peke yake anadhani kundi lile lilikimbia usiku kucha. Halikufanya hivyo. Liliwapumzisha watu, kisha likakimbia tena.

Kuhusu santuri za zamani zaidi sitakaa sana. Uso mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika 3 hivi, basi solo ilipimwa kwa dakika 3. Kabla ya kurekodi kwa umeme kuanza mwaka 1925, ngoma kubwa ilivuruga sindano, kwa hiyo mpiga dramu Baby Dodds, akiwa na bendi ya King Oliver mwaka 1923, aligonga vipande vya mbao. Watu wakaja kuandika kwamba dramu za New Orleans zilikuwa nyepesi. Kisha kuanzia Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani kiligoma kurekodi, na kampuni mbili kubwa hazikukubaliana nacho mpaka Novemba 1944. Katikati ya miaka hiyo ndipo bibopu, mtindo mpya wa jazi, ilipokuwa ikipikwa Harlem, New York. Aliyeifuata kwa santuri za studio peke yake aliiona imetokea ghafla mwaka 1945.

Wazee wa Lamu hawahitaji kuelezwa mambo haya. Kanda za udi za Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, zimezunguka pwani hii miaka na miaka, na sijamsikia mtu wa Lamu akimwambia mpiga udi kwamba taksimu yake (upigaji wa kubuni papo hapo) ya jana si sahihi kwa kuwa haifanani na ya kanda. Wanachouliza ni kama ameingia kwenye makamu, yaani ngazi ya sauti, vizuri, ameizunguka, na amejua njia ya kurudi. Mtu huyohuyo akija Malindi kusikiliza jazi, anaacha sikio hilo mlangoni na kuanza kulinganisha na simu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sikio analo.

Lakini kuna kitu sijakimaliza moyoni. Wanafunzi wangu wa besi nawalazimisha kumnakili Chambers kutoka kwenye rekodi, noti kwa noti, pumzi kwa pumzi. Mpiga saksafoni Charlie Parker alipokuwa kijana alijifungia na santuri za mwenzake wa saksafoni Lester Young mpaka akazijua zote. Njia nyingine ya kujifunza muziki huu siijui. Basi ninamwambia mwanafunzi "ifuate rekodi" asubuhi, na jioni namwambia "iache". Mpaka uko wapi? Nimejaribu kuuchora mara nyingi na kila mara mwanafunzi hodari anausogeza.

Na kuna hofu nyingine: neno "uhuru" limekuwa kichaka cha wavivu. "So What" ina baa 32, yaani vipimo vya mapigo. Kumi na sita za kwanza ziko kwenye D, nane zinazofuata zinapanda nusu sauti hadi E-flati, nane za mwisho zinarudi D. Hapo hakuna uhuru. Nimezisikia bendi kwenye hoteli zetu zikisahau kupanda, au nusu ya bendi ikipanda na nusu ikibaki chini, kisha wakaambiana kwamba ndiyo jazi. Hapana. Hilo ni kosa, na shabiki aliyelisikia alalamike kwa sauti kubwa, nitasimama upande wake. Nataka mlalamikie hilo. Mwendo tuachieni sisi na Tony Williams.

Mkitaka kuona rekodi zinavyoweza kumfuta mtu, mfuateni mpiga besi Ahmed Abdul-Malik. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1927. Alikuwa akisema baba yake ametoka Sudan. Mwanahistoria Robin D. G. Kelley alipochimba aligundua kwamba wazazi walitoka kisiwa cha St Vincent, Karibi. Lakini penzi lake kwa muziki wa Kiarabu halikuwa la kuigiza. Mwaka 1957 alipiga besi katika kundi la mpiga piano Thelonious Monk, pamoja na Coltrane, pale klabu ya Five Spot, New York. Vile vipande vitatu ambavyo kundi lile liliviacha studio mwaka huo vina besi ya Wilbur Ware, aliyemtangulia. Kwa ushahidi wa studio, Abdul-Malik hayumo kabisa. Mwaka 1993 ikatoka kanda iliyonaswa Five Spot mwaka 1958 kwa mashine ya nyumbani na Naima, mke wa Coltrane, lakini sauti ya kanda hiyo ni mbovu. Kisha mwaka 2005 Larry Appelbaum akakuta katika Maktaba ya Bunge la Marekani utepe wa Sauti ya Amerika wa onyesho la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba 1957. Safi. Besi yote inasikika, na ni ya mtu anayejua Monk atasimama wapi kabla Monk hajasimama.

Mtu huyohuyo alikuwa mpiga udi. Mwaka 1958 alirekodi Jazz Sahara, yeye kwenye besi na udi, pamoja na kanuni (chombo cha Kiarabu cha nyuzi nyingi), fidla, na Johnny Griffin kwenye saksafoni. Besi ya mbao na udi ni ndugu kwa jambo moja: shingo zao hazina vyuma vya kukuonyesha noti ilipo, lazima uitafute kwa sikio. Albamu yenyewe ina mapengo. Griffin anapiga kama aliyekuja kwa kikao kingine, makamu yanampita. Niliwachezea wapiga udi wa Lamu na hawakukubaliana. Mmoja alisema mkono wa kulia ni wa mpiga besi, unakaa mno kwenye nyuzi nene. Mwingine hakusema kitu, akataka irudishwe mwanzo. Mimi niko na huyo wa pili. Huo mkono wa kukaa chini ndio niliokuwa nikiutafuta, na mwaka huu nataka kuujaribu na mmoja wao, udi na besi bila dramu, ndani ya ukumbi, polepole.