Nidhamu ya Stoo Si Nidhamu ya Duka

Wiki iliyopita nilialikwa kufundisha kwenye semina ya wanajeshi wanaokaribia kustaafu. Akasimama ofisa mikopo mmoja, kijana wa suti iliyombana, akawaambia: "Wazee wangu, nidhamu tayari mnayo. Kilichobaki ni mtaji tu." Ukumbi mzima makofi. Mimi nikatazama dari. Maneno hayo nimeyasikia kwa wakopeshaji, kwa wanasiasa, kwa shemeji zangu, na mwaka niliovua gwanda nilijiambia mwenyewe.

Nilitunza stoo jeshini miaka 19, nikatoka sajinitaji. Nidhamu ninayo, hata shuka langu mpaka leo natandika kwa mstari. Duka langu la kwanza la vifaa vya ujenzi lilidumu miezi 14.

Baada ya hapo ndipo nilipoingia masomo ya jioni Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) pale Dar es Salaam, chuo kilichoanzishwa 1965, nikakaa dawati moja na watoto wa rika la mwanangu. Somo la kwanza la uhasibu lilinionyesha kilichoniua, na nilitaka kulia.

Stoo ya jeshi inahesabu vitu. Haihesabu pesa. Buti zimeingia jozi 400, zimetoka 35 kwa sahihi, zibaki 365. Mkaguzi akija akakuta 365, wewe ni askari mzuri, kalale. Hakuna anayekuuliza jozi moja ilinunuliwa shilingi ngapi wala imekaa rafuni muda gani. Na isichukuliwe kwamba nalaumu, ndivyo inavyotakiwa. Vita havisubiri mzigo ufike kutoka bandarini. Stoo ikijaa, kamanda analala usingizi. Akiba ikikaa miaka mitano haijaguswa maana yake palikuwa na amani, tumshukuru Mungu.

Sasa mchukue mtu huyo, mkabidhi kiinua mgongo, mwambie afungue duka. Atafanya nini? Atalijaza! Mimi nilikuwa na misumari ya kila inchi, rangi za kila namna, vitasa vya kutosha mtaa mzima, vyote vimepangwa kama gwaride la Uhuru. Wapita njia walilisifia duka, wakaenda kununua kwa jirani.

Twende kwenye hesabu, za mfano tu. Umeweka bidhaa za milioni 20. Kwa mwezi zinatoka zilizokugharimu milioni 2, faida ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama, asilimia 10, sawa na laki 2. Pango laki 2 na nusu. Umeshapata hasara hujalipa hata umeme. Jirani yako ana bidhaa za milioni 4 tu, rafu zake zina mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, lakini anazimaliza na kuzirudisha mara mbili kwa mwezi. Kwa asilimia ileile anabaki na laki 8. Yeye hana nidhamu ya kambini, kitanda chake sijui hata kama anatandika. Anajua kitu kimoja: bidhaa iliyolala ni pesa iliyofungwa jela.

Kwa hiyo mtu akisema "nidhamu", nauliza: ya nini? Askari amefundishwa kutekeleza amri bila kuchelewa. Dukani hakuna amri. Unaamka saa 10 alfajiri, umenyoa, viatu vinang'aa, halafu? Mteja haji kwa sababu umewahi.

Kuna na hili la cheo. Mstaafu huajiri vijana waliokuwa chini yake, maana "anawaamini". Ni waaminifu kweli, ila kila analosema wanajibu "ndiyo afande". Bei imepanda kuliko soko, ndiyo afande. Saruji imeanza kuganda, ndiyo afande. Muuza duka anahitaji kijana wa kumwambia usoni, "Bosi, hapa tunaliwa."

Namba ya mlipakodi (TIN), leseni, mashine ya risiti (EFD): hayo yana fomu, na fomu mwanajeshi haziogopi. Napita.

Halafu huwa hakosi wa kuniuliza, mbona Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanazalisha, mbona SUMA JKT, shirika lake la uzalishaji mali, wanajenga na kulinda na kulima? Ndugu yangu, JKT lipo tangu 1963, lina ardhi, lina vikosi, lina vijana. Wewe una fremu moja na mpwa wako.

Wengine huuliza kama wasome digrii kwanza. Marekani walipopitisha sheria yao ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliotoka vitani, zaidi ya milioni 7 waliitumia, na waliokwenda vyuo vikuu walikuwa kama milioni 2 tu. Wengi walifuata ufundi na mafunzo ya kazi. Anzia VETA kwenye ufundi stadi, au SIDO kwenye viwanda vidogo, digrii haikimbii.

Lakini niseme lile ambalo semina hazinilipi kulisema. Sina uhakika kwamba ninachofundisha ndicho kinachowaokoa wanaookoka. Nikiwatazama waliofanikiwa, karibu wote wana mke aliyekuwa akiuza vitumbua, vitenge au mkaa kule kota kwa miaka mingi, mume akiwa lindo. Huyo ndiye aliyesoma biashara: anajua nani halipi, anajua tarehe 20 mambo yanakuwa magumu na tarehe 28 yanalegea. Kisha mzee anastaafu, anaingia dukani kwa mkewe na kuanza kutoa amri. Nimeshaona biashara za miaka 12 zikifa kwa miezi 6 kwa njia hiyo. Katika vitabu nilivyosoma sikuiona sura inayoitwa "Mwache mama auze".

Darasa langu la sasa lina watu 11. Jumatano niliwapa zoezi: kila mmoja trei moja ya mayai, aiuze kwa mtu asiyemjua, bila kutaja cheo. Ijumaa wakarudi. Wanne walikuwa wameuza. Ofisa mteule mmoja alirudi na mayai 29, moja kalila kifungua kinywa, na leja yake imeandikwa vizuri kabisa. Mwingine akaja na faida kubwa kuliko wote. Nikamuuliza kamuuzia nani.

"Sijui, mwalimu. Nilimpa mama watoto."

Nikampa alama zote. Wenzake bado wamenuna.