Maagano na Uhalali wa Vita katika Kitabu cha Mormoni

Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), kilichochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1830 huko Palmyra, jimbo la New York nchini Marekani, kinawasifu watu waliokubali kuuawa kuliko kushika silaha, kisha kinawasifu wana wao waliokwenda vitani. Sisi tunaofundisha masomo ya dini hapa Dodoma huulizwa mara kwa mara kama maandiko hayo hayajipingi. Kwa maoni yangu hayajipingi, mradi msomaji atazame kwanza kila kundi liliweka agano gani na Mungu.

Kitabu hicho kinasimulia mataifa mawili yaliyopigana mara kwa mara, Wanefi na Walamani. Kundi la kwanza ni Walamani walioongoka kwa mahubiri ya Mnefi Amoni na ndugu zake, wakaja kuitwa watu wa Amoni. Kwa kuwa walikuwa wameua watu wengi kabla ya kuongoka, walizika panga zao chini kabisa ardhini, wakaagana na Mungu kwamba hawatamwaga tena damu ya mwanadamu. Jeshi la ndugu zao ambao hawakuongoka lilipowajia, walitoka kwenda kulikuta, wakasujudu, wakaanza kuliitia jina la Bwana. Waliuawa watu 1,005 kabla washambuliaji hawajaingiwa na majuto, na waliotupa silaha siku hiyo na kujiunga nao walizidi idadi ya waliouawa. Baadaye Wanefi waliwapa ardhi na kuwalinda, nao wakawa wanatoa sehemu ya mali zao kuyakimu majeshi.

Vita vilipopamba moto, waliwaonea huruma walinzi wao, wakataka kushika silaha. Helamani, kiongozi wa dini wa Wanefi, aliwazuia, akihofia kwamba wakivunja kiapo watapoteza nafsi zao. Ifahamike kwamba nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa askari, na bado mtu huyo wa Mungu, ambaye yeye mwenyewe angeongoza jeshi, aliwakataa wanaume wazima waliokuwa tayari kupigana. Ndipo wana wao 2,000, ambao hawakuwamo katika agano la wazazi, walipoweka agano lao la kuupigania uhuru wa Wanefi hata kufa. Na baba zao, ambao wenyewe hawakugusa upanga, waliwapelekea vyakula.

Kwa taifa la Wanefi kwa ujumla, masharti yalikuwa mengine: wasiwe wachokozi, na wasiinue upanga ila kwa kuhifadhi maisha, familia, nchi, uhuru na dini yao. Watanzania tunaokumbuka Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 tunayakumbuka pia maneno ya Mwalimu Nyerere kuhusu uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui. Katika maandiko haya uwezo haumhalalishii mtu chochote. Kapteni Moroni, jemadari wa Wanefi, akiwa amekwisha kumzingira Zerahemna, jemadari wa Walamani, alisimamisha mapigano na kumtaka aape kwamba hatarudi tena vitani. Zerahemna alikabidhi upanga na upinde wake, lakini akakataa kula kiapo alichojua atakivunja. Naye Moroni akamrudishia silaha zile, kwa sababu amani isiyo na kiapo hakuihesabu kuwa amani.

Hata hivyo, si kila kiapo hukihalalisha kitendo. Miaka mingi baadaye Wanefi waliapa kwa mbingu kwamba watalipiza kisasi cha ndugu zao waliouawa, na Mormoni, kamanda wao wa muda mrefu, akakataa kuwaongoza.

Sheria hiyo ya vita vya kujilinda imeandikwa tena katika Mafundisho na Maagano, andiko jingine la kanisa hilo, sehemu ya 98, ya Agosti 1833, majuma yapatayo mawili baada ya waumini kushambuliwa katika wilaya ya Jackson, Missouri. Humo wanaotangaziwa vita wanaagizwa kwanza wainue bendera ya amani, na wakikataliwa wairudie hadi mara ya tatu, kabla ya kuhesabiwa haki wakipigana.

Vijana wa kanisa hilo huuliza pia kama agano la watu wa Amoni linawazuia kujiunga na jeshi, au na JKT kule Makutupora. Haliwazuii, kwa kuwa lilikuwa agano la watu mahususi kwa toba ya makosa yao wenyewe na halikuwafunga hata watoto waliowazaa. Tena makala ya 12 ya imani ya kanisa lao inawataka waumini kuwatii watawala na kuheshimu sheria za nchi.