Ndama kunyonya vizuri si ushahidi kwamba mapafu ni mazima

Kwenye magrupu ya wafugaji huzunguka ujumbe kwamba ndama anayenyonya vizuri, pua ikiwa na unyevu, hana nimonia. Si kweli. Wengi huendelea kunyonya siku za mwanzo huku mapafu yakiwa yameshaathirika. Tunachanganyikiwa kwa sababu ng'ombe mkubwa akiugua, kususa majani ni dalili tuliyoizoea.

Damu inaweza kutangulia kuonyesha ugonjwa: mapafu yakiathirika, ini humwaga kwenye damu protini iitwayo haptoglobini, na maabara huweza kuipima. Lakini hupanda hata kitovu kikioza, hivyo haitoshi peke yake. Zizini, pima joto kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, asubuhi kabla ya jua kali. Likizidi nyuzi 39.5, mwite daktari wa mifugo. Ujumbe ule, tafadhali, usiusambaze. Anayeuamini huchelewa kumtibu ndama wake.