Kwa nini barafu huteleza? Uzito wako hautoshi

Muulize yeyote aliyesoma fizikia sekondari hapa Kenya kwa nini barafu huteleza, atakujibu bila kufikiri: ukiikanyaga, shinikizo hushusha kiwango chake cha kuyeyuka, maji kidogo hutokea chini ya mguu, nawe unateleza. Jaribio lake pia analikumbuka. Waya mwembamba hulazwa juu ya bonge la barafu, ncha zake zikiwa zimening'inizwa vyuma vizito. Waya hupenya polepole mpaka ukatokea chini, na bonge hubaki zima. Kisha mwalimu hutaja wachezaji wa viatu vya chuma wanaoteleza kwenye barafu, mchezo uliofika hadi Barabara ya Mombasa, ambako timu ya hoki ya barafu ya Kenya, Ice Lions, imefanyia mazoezi ndani ya hoteli ya Panari.

Jaribio la waya ni la kweli. Kinachokwama ni kulihamishia kwa mchezaji, na kujua kwa nini hakuhitaji maabara. Chukua mtu wa kilo 60 aliyesimama kwa mguu mmoja, chuma cha kiatu chake kikigusa barafu kwenye eneo la sentimita 3 za mraba. Hizo ni kilo 20 kwa kila sentimita ya mraba, karibu mara 20 ya shinikizo la hewa ya pwani (ya Nairobi ni pungufu kidogo, tuko juu). Kila kipimo kimoja cha shinikizo la hewa hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi 0.0074 tu. Zidisha kwa 20: unapata kama nyuzi 0.15. Barafu ya uwanjani iko nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Mchezaji angehitaji kubeba wenzake wengi sana mgongoni.

Hata angewabeba, kuna mpaka. Ukizidi kuibana barafu, kiwango chake cha kuyeyuka hushuka hadi karibu nyuzi hasi 22, kwa shinikizo la takribani mara 2,000 ya hewa. Ukipita hapo, haiyeyuki zaidi; hugeuka kuwa barafu ya aina nyingine. Ilhali watu huteleza kwenye nyuzi hasi 30 bila shida. Na waya ulipenyaje basi? Bonge lile lilikuwa mezani kwenye darasa lenye joto, tayari liko sifuri, ukingoni mwa kuyeyuka. Sehemu ndogo ya nyuzi ilitosha kulivusha. Tena, mwenye soli bapa, ambaye uzito wake umetawanyika zaidi, naye huteleza na kuanguka, na nadharia ya shinikizo haina la kumwambia.

Jibu la pili lilikuwa msuguano. Mwaka 1939 watafiti Bowden na Hughes walipima kwenye pango la barafu huko Jungfraujoch, Uswisi, wakahitimisha kwamba joto la kusuguana ndilo linaloyeyusha. Kwa anayekimbia kasi, hilo lina uzito wake. Kwa aliyesimama tu akaenda chini, hakuna kilichosuguana.

Ajabu ni kwamba aliyekaribia ukweli alikuwa amesema mapema. Mwaka 1850 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kuwa vipande viwili vya barafu vikigusana hushikamana, akadai uso wa barafu huwa na utando wa majimaji hata pasipo kubanwa. Mhandisi James Thomson na mdogo wake, mwanafizikia William, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, walishikilia shinikizo. Walishinda kwa muda mrefu.

Ili uone Faraday alimaanisha nini, fikiria matatu iliyojaa saa ya kwenda kazini. Abiria wa katikati amebanwa pande zote. Akitaka kugeuka, hana pa kugeukia. Makanga anayening'inia mlangoni ameshika chuma kwa mkono mmoja, huku upande wake mwingine hakuna mtu. Gari ni lile lile, joto ni lile lile, lakini yeye anayumba, anabadilisha mkono, anazunguka. Ndani ya barafu kila molekuli ya maji imeshikwa na jirani wanne. Ya usoni imekosa baadhi yao, kwa hiyo hulegea na kuhamahama wakati za ndani zimetulia. Ni tabaka la unene wa nanomita tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na vipimo vya unene huo havijawahi kupatana vizuri, kwa hiyo si haki kuliita maji moja kwa moja.

Mwaka 2018 ndugu wengine wawili, Daniel na Mischa Bonn, mmoja Amsterdam na mwingine Mainz, wakishirikiana na wenzao walichapisha vipimo vya mpira wa chuma ukiburutwa juu ya barafu kuanzia nyuzi 0 hadi hasi 100. Kwenye hasi 100 barafu ilikwaruza bila utelezi wowote. Joto lilipopanda, molekuli za usoni zikawa huru zaidi na msuguano ukapungua, hadi nyuzi hasi 7, kilele cha utelezi. Kupita hapo barafu inakuwa laini mno na mpira unaichimba. Mafundi wa viwanja vya mbio za kuteleza walikuwa wakiweka barafu yao karibu na kiwango hicho hata kabla ya vipimo hivi.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2025 kikundi cha Martin Müser, Chuo Kikuu cha Saarland nchini Ujerumani, kilitumia uigaji wa kompyuta kudai kwamba kitu kinachopita juu ya barafu huvuruga mpangilio wa molekuli kwa mvuto wa chaji zao za umeme, bila kuhitaji joto wala shinikizo. Kwa hesabu zao, utando hutokea hata kwenye baridi inayokaribia sifuri halisi, yaani baridi kali kuliko zote zinazowezekana, ila huko huwa mzito mno kiasi kwamba hakuna anayeweza kuteleza juu yake.