Majarida ya watoto ya enzi za Malkia Victoria: si mahubiri matupu

Ukitaja jarida la watoto la Uingereza ya karne ya 19, wengi huwaza mahubiri: mtoto mtiifu anafariki huku akisali, mtukutu anakiona cha moto. Yalikuwepo kweli, hata kabla Victoria hajatawazwa. The Children's Friend lilianza 1824, na vifo havikukosekana humo.

Lakini Januari 18, 1879, Religious Tract Society, shirika la vijitabu vya dini, lilitoa Boy's Own Paper. Hadithi ya kwanza? Mechi ya mpira ya mvulana wa shule. Shirika lilitaka kuwapokonya wasomaji magazeti ya peni moja yaliyojaa majambazi na damu, nalo likauza lake kwa peni hiyohiyo. Kamati ilitaka dini zaidi. Mhariri, George Hutchison, akashikilia msimamo wake.

Eti yalikuwa ya watoto wa matajiri tu? Mengine ndiyo: Aunt Judy's Magazine la 1866 lilikuwa peni sita kwa mwezi. Mwaka uleule kasisi mmoja alianzisha Chatterbox, nusu peni kwa wiki. Kodi ya karatasi ilikuwa imefutwa 1861, bei zikaweza kushuka. Wasichana nao walipata Girl's Own Paper 1880, ingawa ya kaka zao hawakuacha kuyasoma.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi liko kwenye picha. Pembeni pameandikwa "Dalziel", basi mtu anasema huyo ndiye mchoraji. Sivyo. Hiyo ilikuwa karakana ya ndugu wachongaji jijini London. Arthur Hughes, kwa mfano, alichorea Good Words for the Young, wao wakachonga. Kwenye kibao cha mti, mchongaji aliondoa kila palipotakiwa kuwa peupe, mistari ikabaki imeinuka kama kwenye muhuri wa ofisini. Kibao kilikuwa na kimo sawa na herufi za chapa za madini ya risasi, kwa hiyo picha na maandishi vilipigwa chapa pamoja. Ndiyo maana ilikuwa nafuu.

Mti wenyewe ulikuwa mgumu lakini shina lake jembamba, hivyo kwa picha kubwa vibao kadhaa viliungwa kwa boliti, pengine kila kimoja kikachongwa na mtu wake. Ukikutana na ukurasa mzima wa miaka ya 1870, uinamie kidogo: utaona uzi mweupe umekatiza anga, mawimbi, hata shavu la mtoto. Hapo ndipo vibao vilipokutana.